Siku Waheshimiwa Waliponitoa Mezani

Mliponiaga pale ofisini mlinipa kitenge kizuri, saa ya ukutani na hotuba tatu. Kwa kitenge nimeshukuru. Hotuba zote tatu zilisoma vyeo vyangu kimoja kimoja, na hakuna hata moja iliyosema ukalimani ni kazi ya namna gani. Basi nimechukua kalamu. Mimi Mama Riziki, mzaliwa wa Kingi, katika vilima vya Masisi, mashariki mwa Kongo, niliyekaa katikati ya watu wenye ugomvi tangu nywele zangu zikiwa nyeusi, nataka kuwaambia ninyi mnaoanza mambo ambayo hayamo kwenye barua ya ajira. Na nitawaambia habari ya siku moja ambayo nikiikumbuka hata leo siwezi kuendelea kukaa kwenye kiti.

Lugha sikuzisomea. Baba yangu alikuwa Muhunde, mkulima wa maharage. Mama yangu alikuwa Munyanga, aliolewa kutoka msituni, Walikale. Majirani zetu wa juu ya kilima walikuwa wafugaji waliosema Kinyarwanda, na kila asubuhi nilitumwa kwao na kidumu kuchukua maziwa. Kiswahili ni cha sokoni, Kifaransa cha shuleni. Nilipokuwa msichana mkubwa niliweza kugombana kwa lugha tano. Ndugu zangu waliona ni mdomo tu. Ofisi ya teritwari, yaani ya wilaya yetu, namshukuru Mungu, iliona ni kazi.

Aliyenifundisha alikuwa Papa Deo, katekista mstaafu ambaye miaka mingi alikuwa akiwatafsiria mapadre wageni mahubiri yao. Alikuwa mfupi, mkali, na alivaa koti lile lile kiangazi na masika. Siku yangu ya kwanza alinipa daftari dogo na penseli. Kalamu ya wino, alisema, mvua ya Masisi inaipenda mno. Alichora mstari katikati ya ukurasa: huku maneno ya huyu, huku maneno ya yule. Akaniambia nikae nusu hatua nyuma yao, nimtazame anayesikiliza na si anayesema, na nisile jibini wakati wa mapumziko kwa sababu inafunga koo. Jibini yangu aliila yeye. Koo lake, inaonekana, lilikuwa la namna nyingine.

Kisha akanipa sheria kubwa kuliko zote. "Mutoto, usiseme 'anasema hivi, anasema vile'. Sema 'mimi'. Ukitafsiri muntu, wewe njo ule muntu mpaka anyamaze."

Nilitii, na sheria hiyo ilinigharimu kabla ya saa sita mchana. Kesi ilikuwa ya ng'ombe aliyeingia kwenye shamba la maharage. Mfugaji alikuwa mwanamume mrefu mwenye fimbo. Mwenye shamba alikuwa mama mmoja Muhunde mwenye mikono ya kulima. Mfugaji akasema kwa Kinyarwanda kwamba akimpiga ng'ombe wake tena atamvunja mkono. Nikamgeukia yule mama, nikakaza macho, nikatangaza kwa Kihunde kwa nguvu zangu zote: "Ukimpiga ng'ombe wangu tena nitakuvunja mkono!" Akanizaba kofi ambalo lililia ukumbi mzima.

Papa Deo alicheka mpaka akavua miwani. Lakini mfugaji hakucheka. Aliniona nimeshika shavu, akaelewa kwamba kofi lile lilikuwa lake na mimi nimempokelea tu, akaona haya. Aliomba radhi palepale, kwangu na kwa yule mama, na kesi iliyotakiwa kuchukua wiki ikaisha kabla ya chakula. Tukiwa njiani kurudi Papa Deo aliniambia nimefanya kazi nzuri, na kwamba kofi ndilo cheti changu. Cheti kingine cha ukalimani sijawahi kukiona mpaka leo.

Miaka iliyofuata nilipanda kila pikipiki ya Masisi, buti za mpira miguuni, daftari ndani ya mfuko wa plastiki chini ya koti la mvua. Chukueni chupa ya chai ya tangawizi kila mnapokwenda. Ulizeni majina ya watu kabla ya mkutano, kwa sababu ukikosea jina la marehemu baba ya mtu hakuna amani tena siku hiyo. Na mkikaribishwa maziwa kwa wafugaji, kaeni chini mnywe, kwa kuwa kunywa maziwa umesimama ni kumwambia mama mwenye nyumba kwamba una haraka ya kumkimbia.

Sasa niwaambie kosa langu, maana bila hilo hamtaelewa niliyoyafanya baadaye. Kulikuwa na mazungumzo kati ya wazee wa milimani na wazee wa msituni juu ya njia ya kwenda sokoni. Mzee mmoja wa milimani alisema: "Hampiti hata mmoja mpaka ng'ombe wetu warudi." Ilikuwa jioni, nimechoka, na nilitaka watu waende nyumbani wakiwa na furaha. Nikalainisha. Nikatafsiri: "Mtapita, ila tuendelee kuongea habari za ng'ombe." Wazee wa msituni wakapiga makofi, wa milimani wakadhani masharti yao yamekubaliwa, wote wakashikana mikono. Mimi nikajiona malaika.

Wiki ile ile kundi la akina mama wa msituni lilibeba mikungu ya ndizi na mafuta ya mawese kwenda sokoni kwa furaha, likarudishwa kwenye barieri, kizuizi cha vijana barabarani, kwa matusi na fimbo. Mmoja alikuwa mjamzito. Alitembea siku nzima kurudi, na mimba ikatoka. Nilikwenda kumwona. Nilimwambia ni mimi niliyebadili maneno ya wazee. Alinitazama tu, akageukia ukuta. Papa Deo, ambaye wakati huo alikuwa mzee sana, hakunifokea. Alisema, "Maneno ya bantu uliiba, Mama Riziki. Hata kama uliiba juu ya upendo, uliiba." Nililia siku nyingi, na nikaapa kwamba tangu hapo kila neno litakalopita kinywani mwangu litapita na miiba yake.

Basi, tuje kwenye ile siku. Ilikuwa miaka michache tu iliyopita, na baadhi yenu mlikuwepo mkipanga viti.

Njia ya kutoka Masisi kwenda Walikale ilikuwa imefungwa. Vijana wa milimani walikuwa na barieri yao, vijana wa msituni walikuwa na yao, na kati yake majani yalianza kuota barabarani. Kuzunguka kupitia Bukavu ilikuwa safari ya watu wenye ndugu kila mji. Na huko ng'ambo, Walikale, alikuwa mume wangu. Papa Riziki ni mwalimu wa hesabu katika shule ya sekondari, na zamani alikuwa akirudi nyumbani kila likizo amebeba asali na nguo chafu. Sasa ulikuwa mwaka wa pili sijamwona. Alipanda kilima kila Jumapili kutafuta mtandao, nami nilisimama nyuma ya kanisa, tukapigiana kelele: "Unanisikia? Unanisikia?" Tulikuwa tumerudi kuwa wachumba katika umri wa wajukuu. Juma moja alinipigia akikohoa, akasema ni vumbi la chaki. Nimeolewa naye miaka mingi, najua kikohozi cha chaki. Hiki hakikuwa cha chaki, na dawa zilizokuwepo Masisi hazikuwa na njia ya kumfikia.

Vijana wa pande zote mbili walisema neno moja: tutafungua mkubwa wetu akituambia. Na wakubwa hao walikuwa wawili, wote watu wa taifa, wenye magari ya vioo vyeusi kule Kinshasa. Majina yao naacha. Mmoja alikuwa waziri, mwana wa msitu wa Walikale. Mwingine alikuwa seneta, mwana wa wafugaji wa Masisi. Wakubwa wa nchi na wageni wenye fulana za amani walikuwa wamewakalisha pamoja mara nyingi katika hoteli, wakasaini, wakapigwa picha wakishikana mikono, kisha kila mmoja akarudi redioni kumsema mwenzake. Mwishowe mtu mmoja mwenye akili alisema waletwe nyumbani, wakae mbele ya watu wao.

Walikubali kwa sharti moja la kuchekesha. Kila mmoja atasema lugha ya mama yake, na patakuwa na mkalimani. Wanaume wote wawili walisema Kiswahili kama sisi! Walisema Kifaransa cha kumchosha Mfaransa! Walisoma shule moja hapahapa Masisi wakiwa vijana, walilala bweni moja. Lakini Waziri alisema hatatamka neno isipokuwa kwa Kinyanga, na Seneta akasema basi naye ni Kinyarwanda tu. Nimefanya kazi hii muda wa kutosha kuelewa. Mtu akikataa kuongea nawe lugha mnayoijua wote wawili, hataki kuongea nawe. Anataka kumtumia mkalimani kama ukuta.

Ukuta huo ulikuwa mimi.

Asubuhi ile ukumbi wa parokia ulijaa mpaka madirishani. Bwana wa protokoli kutoka Kinshasa alipima viti kwa utepe ili kisiwepo kirefu kuliko kingine, akagundua sakafu yetu yenyewe imeinama upande mmoja, akatafuta vipande vya mbao huku jasho likimtoka. Nje watu wa Masisi, wa Kingi na wa vilima vyote walisimama kwenye majani yenye umande. Vijana wa barieri zote mbili walikuwepo, wamejitenga, wakitazamana. Nilikuwa na furaha, nilikuwa na hofu, na nilijua jambo ambalo hakuna mwingine ndani ya ukumbi aliyelijua: simu ya mume wangu ilikuwa haijapatikana Jumapili mbili.

Saa mbili nzima walinitumia kama ukuta. Waziri alisema kwa Kinyanga habari za msitu na mababu, nikawa Waziri. Seneta alisema kwa Kinyarwanda habari za ng'ombe na makaburi, nikawa Seneta. Hawakutazamana hata mara moja. Kila mmoja alinitazama mimi. Penseli yangu ilikwisha ncha, nikachukua nyingine.

Ndipo Seneta aliposahau karatasi yake. Aliiweka kando, akasema kwa sauti ya chini: "Huyu mtu hajawahi kunywa maziwa yetu bila kukunja uso. Atawaongozaje watu ambao chakula chao kinamtia kichefuchefu?"

Walioelewa Kinyarwanda wakavuta pumzi. Vijana wa milimani wakaanza kuguna. Waziri alinigeukia mimi, akingoja.

Ninyi wadogo zangu, sikilizeni. Kulainisha kulikuwa rahisi sana! Maneno yalikuwa tayari yamejipanga ulimini: "Mheshimiwa anasikitika kwamba hamjapata nafasi ya kula pamoja." Wangeendelea, wangesaini, labda barieri ingeinuka hata kwa siku mbili, na siku mbili zilinitosha mimi kufika Walikale na dawa. Nilimwona mume wangu juu ya kile kilima chake. Na nilimwona yule mama aliyegeukia ukuta. Nikamtazama Waziri machoni, nikawa Seneta, nikalitamka tusi lote kwa Kinyanga, kuanzia maziwa mpaka kichefuchefu, bila kupunguza hata tone.

Bwana wa protokoli alifumba macho. Nami nilijiandaa kwa kofi la pili la maisha yangu.

Waziri aliendelea kunitazama, kisha akafanya jambo ambalo hakulifanya asubuhi nzima: macho yake yalinihama, yakaenda kwa Seneta. Akasema kwa Kinyanga, polepole, "Ni kweli. Mara ya kwanza nilikunywa kwa mama yake. Likizo ya Pasaka. Nilikunja uso, akanicheka, akaniongezea kikombe kingine. Akasema mtoto wa msitu atakuwa mtoto wa ng'ombe kabla shule haijafunguliwa." Nikatafsiri. Niliona midomo ya Seneta inacheza kabla mimi sijamaliza. Alikuwa ameelewa Kinyanga. Bwenini, kumbe, walikuwa wamefundishana.

Na Seneta hakunisubiri tena. Alisema kwa Kiswahili, kile Kiswahili chetu cha nyumbani, sauti ikimkatika: "Haukukuya ku matanga yake."

Hapo, wenzangu, ndipo nilipouona ugomvi wote wa redioni mpaka chini. Si mpaka, si viti vya serikali, si ng'ombe. Mama alikufa, na mtoto wake wa msitu hakuja kuketi matangani.

Waziri alijibu naye kwa Kiswahili. "Nilikuya. Nilifika mpaka ku barieri. Nilikuwa na sanda ya kitambaa kizuri. Balinirudisha."

"Nani?"

"Ba kwako."

Seneta akainamisha kichwa. "Na juu ya nini haukunipigia simu?"

"Ningesema nini? Asubuhi ile ile ba kwangu nao balirudisha bantu ba kwako. Njia ilikuwa ya kufungwa, kaka. Sisi wote tuliifunga."

Kaka. Alisema kaka. Nilikuwa bado nimeshika penseli na mkono wangu haukuwa unaandika chochote. Nilifungua kinywa kwa mazoea, nitafsiri kitu, chochote. Seneta akanyoosha kiganja chake kwangu kwa heshima. "Mama, aksanti sana. Tuache kidogo. Tuko nasema sisi wenyewe." Waziri naye akaitikia kwa kichwa. "Mama, toka. Na ba protokoli batoke. Bote."

Nikatoka! Miaka yote ile kazini, sijawahi kutolewa mezani, na nilitoka nikikimbia kama msichana, daftari kifuani, wakubwa na walinzi nyuma yangu. Mlango ukafungwa.

Nje umati ulinivamia. Vijana wa barieri ya milimani walifika kwanza, wa msituni wakafuata, wamesahau kujitenga, wote wakinipigia kelele.

"Mama! Banasema nini?"

"Mama Mukalimani, tuambie! Banagombana?"

Nikafungua mikono yangu miwili. "Sijui!" nikasema, na nilikuwa nikicheka na kulia. "Sijui, batoto bangu! Hawanihitaji! Banasemezana bao benyewe!"

Kisha mama mmoja mzee wa Kingi akapiga kigelegele, kikapokelewa, kikapanda kilima. Watu walirukaruka kwenye majani. Kijana mmoja wa msituni alinikamata akaniinua juu na buti zangu zote. Na kabla kelele hazijapoa, mlango ulifunguka kidogo na kichwa cha Seneta kikatokea, macho mekundu, akaita, "Ba mama! Maziwa iko?" Wanawake ishirini walikimbia pande zote kwa mara moja. Yaliletwa maziwa ya kunywesha kijiji. Wanasema Waziri alikunja uso tena vilevile, na ndani ya ukumbi kilisikika kicheko cha wanaume wawili ambacho sikupewa nafasi ya kukitafsiri.

Walipotoka walisimama kizingitini, wakawaita vijana wao kwa majina, wakawaambia maneno machache. Sitayaandika kwa sababu mnayajua, na kwa sababu sikuyasikia vizuri. Nilikuwa tayari nimekwenda kwa msimamizi wa teritwari kuomba ruhusa. Nilikuwa sijawahi kuomba.

"Ruhusa ya kwenda wapi?" aliniuliza.

"Kwa bwana yangu."

Akasaini bila kusoma.

Sitawadanganya kwamba amani ilikamilika siku ile; wengi wenu bado mna kazi, na itaendelea. Lakini kesho yake asubuhi nilikuwa nyuma ya pikipiki, dawa mfukoni. Kwenye barieri ya kwanza vijana waliinua mti wakanisalimu Mama Sijui, na kwenye ya pili vilevile. Jina lilikuwa limenitangulia. Siku mbili za matope, vilima vikaisha, msitu ukaanza, nami niliimba njia nzima mpaka mwendesha pikipiki akaniomba nipumzike.

Papa Riziki alikuwa amekaa mlangoni pa nyumba yake, amejifunika blanketi, amekonda, madaftari ya wanafunzi magotini. Simu yake, kumbe, ilikuwa imeanguka mtoni. Alinyanyua macho akaniona nimesimama na matope mpaka shingoni. Nilikuwa nimepanga la kumwambia tangu Masisi. Nilifungua kinywa. Kwa Kiswahili halikutoka, kwa Kihunde halikutoka, wala kwa Kinyanga cha mama yangu. Nilisimama tu pale, nimemnyooshea dawa.

Mume wangu akaweka kalamu yake nyekundu chini taratibu, akatabasamu.

"Mama Riziki," akasema, "nikuitie mukalimani?"